Kisanduku cha Karatasi cha Ainea

Ninyi vijana wa boma hili, na wengine mtakaolikuta daftari hili baada yangu, wekeni simu chini kwanza. Sitasema mara mbili. Alhamisi ile tulipokwenda mochari kumchukua Ainea, fundi wa baiskeli, mlisikia kitu katika chumba cha kunawia mikono mkatoka mbio mkisukumana mlangoni kama ndama. Neema alinikanyaga mguu na hakuomba radhi. Garini mkaniuliza mimi nyanya yenu, "Kukhu, ile ilikuwa nini?" nikawaambia mnyamaze, kwa sababu mwenyewe alikuwa amelala nyuma yetu na si adabu kumsema mtu aliye karibu. Sasa Ainea amezikwa, viti vya kukodi vimerudishwa, sufuria za watu zimepelekwa kwao, nami nimepata pa kukaa. Nitawajibu. Lakini nitaanzia ninapotaka mimi.

Mnadhani mtu hujengwa akiwa kijana tu, halafu akishazaa anabaki vile vile mpaka anazeeka. Si kweli. Mwaka ulionijenga mimi ulinikuta nina mjukuu tayari, huyu huyu Neema, akiwa wa kubebwa, hajaota jino. Nilikuwa nimepata kazi ya kufagia na kupiga deki katika mochari ndogo ya mtu binafsi, upande wa kuelekea Khayega. Jina lake siliandiki. Shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo kazi ya kukaa mezani sikuiota, lakini kufagia nilikujua. Jengo lenyewe lilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa. Cha mwisho kilikuwa cha baridi, na mlango wake ulikuwa mzito, ukifunguliwa unavuta hewa kama mtu anayeshtuka. Cha katikati kilikuwa cha kuwavisha. Cha mbele, karibu na ua, kilikuwa cha kunawia: sinki mbili, dirisha moja la juu, bomba lililolia kabla ya kutoa maji, na ukutani kisanduku cha plastiki nyeupe chenye karatasi ya kupangusia mikono. Mpaka leo nikifunga macho nakiona chumba hicho kuliko ninavyoiona nyumba niliyozaliwa. Harufu yake ilikuwa ya dawa na sabuni ya kipande, na chini yake harufu nyingine ambayo sabuni haikuiweza. Saa sita mimi na mzee Barasa, aliyekuwa akiwashughulikia wale wa ndani, tulikaa kwenye ngazi ya nje tukala viazi vitamu na chai ya chupa. Barasa hakupenda maneno. Maneno niliyasikia kwa wanawake waliokuja kuvisha watu wao, maana mtu akiinama kwenye sinki husahau kwamba mfagiaji ana masikio.

"Nani alimchagulia soksi za kijani?"

"Alizipenda mwenyewe."

"Alizipenda akiwa na macho."

Halafu wanacheka, halafu mmoja anaanza kulia, halafu bomba linalia pamoja naye.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ninyi mnaliona la kizamani. Mimi nililelewa kwamba mtu aliyemshika maiti, akinawa, hakung'uti mikono. Maji yale yakimrukia mwenzako, umemgawia. Wala hajipangusi kwa nguo yake, kwa maana nguo inaingia nyumbani. Anasimama tu, mikono mbele, maji yanachuruzika, mpaka apate kitu cha kujikaushia ambacho kitabaki pale pale. Na hatoki na kitu cha mahali pale, hata uzi. Ndiyo maana ile karatasi ilipendwa ilipoletwa. Watu walisema, haya, sasa huo ndio usafi. Lakini ilikuwa inachanika. Unaona ncha ya karatasi imetokeza upana wa vidole viwili, unaibana kwa vidole vilivyolowa, unavuta, na kipande kidogo kinakuja mkononi kama unyoya. Unavuta tena, unyoya mwingine. Mwisho ncha inarudi ndani, mtu anaingiza vidole kwenye yale meno ya plastiki kuitafuta, na sasa bunda lote limelowa na yule wa nyuma yake atapata uji. Kila jioni nilifagia vipande vyeupe sakafuni kama tumenyonyoa kuku. Na vile ambavyo sikuvifagia vilikuwa vimeondoka na watu, vimegandamana nyuma ya viganja na chini ya kucha.

Wa kwanza kurudi alikuwa Mama Jentrix, jirani yangu wa ng'ambo ya mto. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, naning'iniza tambara. Alisimama uani, hakuingia, akaninyooshea kiberiti.

"Shika mtu wenu."

"Mtu gani, Mama Jentrix?"

"Fungua."

Nikafungua. Ndani hamkuwa na njiti hata moja. Palikuwa na kipande cha karatasi nyeupe, kidogo kama ukucha, kimekauka kikajikunja.

"Nilimzika ndugu yangu Jumamosi," akasema. "Jumapili nikapika, nikawagawia watoto kwa mkono huu. Baadaye navua pete nifue, nakuta hicho chini ya pete. Tangu hapo anakohoa nyuma ya jiko langu. Usinitazame hivyo. Kikohozi chake nakijua, nimekiuguza miezi minne. Ndugu yangu nilimpenda sana, lakini nimeshamzika. Akae na nyinyi."

Akaondoka bila kugeuka, ule mwendo wa mtu anayejilazimisha asikimbie. Nikabaki na kiberiti. Nilitaka kukitupa kwenye moto wa takataka, mkono ukakataa. Nikakiweka kwenye dirisha la chumba cha kunawia. Wiki hiyo akaja mwingine na kipande amekifunga kwa jani. Kisha mwingine, ndani ya kitambaa cha shingo cha marehemu. Hawakugombana nami. Hilo ndilo lililonitia baridi: walinikabidhi polepole kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudisha mtoto wa watu aliyepotea njia. Dirisha likajaa.

Maneno yakatembea. Msimamizi wetu, kijana wa tai, akaniita kwenye kiofisi chake.

"Mama, watu wanasema unaichana makusudi."

"Nichane ya nini?"

"Eti ndio wale waliolala wawafuate watu nyumbani."

"Wawafuate wafanye nini? Wale obusuma, ugali wa watu?"

Hakucheka. Alisema familia mbili zimewapeleka watu wao mochari nyingine kwa sababu yangu, na kwamba malalamiko yakiendelea mpaka mwezi ujao uishe, atatafuta mtu mwingine. Hilo lingeniuma, lakini ningelimeza. La kutomezeka lilikuwa nyumbani. Nilikuwa nikirudi, nikinyoosha mikono kumpokea Neema, mama yake, mke wa mwanangu Tom, anamhamishia kiuno cha pili na kusema, "Pumzika kwanza, mama, umechoka." Siku ya kwanza nikasema sawa. Siku ya tatu nikaoga kabla ya kumwomba. Akasema amelala, na mtoto alikuwa macho, ananitazama. Jumamosi moja nachambua mrenda nyuma ya jikoni nikamsikia Mama Neema akimwambia dada yake ndani: "Si kwamba namchukia. Mama ni mtu mzuri. Ni ile mikono." Nikaitazama. Ilikuwa ya kijani kwa mrenda, ina nyufa za sabuni, ni mikono tu. Lakini nilielewa kwamba katika nyumba niliyoikandika kwa mikono hiyo, kuna mtu mmoja mdogo sitamshika tena mpaka nijue dawa ya karatasi.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Ufunguo wa chumba cha kunawia nilikuwa nao mimi. Jioni nilikuwa naisukuma ncha ya karatasi ndani, nafunga. Asubuhi nikifungua, ncha iko nje. Si upana wa vidole viwili. Inaning'inia urefu wa mkono, imechanikachanika, na imelowa mahali panne, panne palipokaribiana, kama vidole. Sinki kavu. Sakafu kavu. Nilimuuliza Barasa kama huwa anapitia mlango wa ndani kujipangusa.

"Mimi situmiangi hiyo," akasema. "Nina taulo yangu tangu nianze kazi hapa."

"Basi ni nani?"

Akamenya kiazi chake mpaka mwisho kabla hajanijibu. "Mama Tom, mimi hapa siulizangi. Siku nikianza kuuliza, nitaacha kazi."

Kilichonifungua macho ni mtu wa kutoka mjini, yule aliyekuwa akituletea makatoni ya karatasi. Msimamizi alimwita aje aone. Akanawa, akakung'uta mikono mara tatu, pa pa pa, maji yakaruka mpaka kwenye aproni yangu nikaruka nyuma. Akavuta karatasi. Ikatoka nzima. Akavuta nyingine, nzima. "Kisanduku hakina shida," akamwambia msimamizi. "Ni hawa watu wako, hawajui kukitumia." Nikasimama na ufagio wangu nikiangalia yale matone sakafuni, na hapo nikajua. Kisanduku kile kilitengenezwa na watu wanaokung'uta maji, kwa ajili ya watu wanaokung'uta maji. Sisi tulikiletea mikono iliyojaa. Karatasi haina ubaya. Ukiibana kwa vidole viwili vinavyochuruzika, na bunda zito ndani linasuguana na plastiki linakataa kuzunguka, itakatika pale pale ulipobana. Hata ningewahubiria watu wakung'ute, nani angenisikia? Mimi mwenyewe nisingekung'uta. Kwa hiyo kilichotakiwa kubadilika ni kisanduku.

Ndipo nikaenda kwa Ainea. Alikuwa na kibanda chake pale Khayega, mkono wa kushoto ukitoka sokoni, baiskeli zimening'inia juu chini kama popo. Alikuwa mtu wa maneno mengi na meno machache.

"Mama Tom! Watu wanasema umekuwa kondakta wa wafu."

"Funga mdomo nikwambie kazi."

"Unapakia wangapi kwa safari?"

Nikamwacha acheke mpaka akachoka. Nikamweleza. Akaacha kucheka, akachukua kipande cha karatasi nilichomletea, akakilowesha kwenye beseni lake la kutafutia panchari, akakivuta. Akafanya hivyo mara nyingi, bila neno, na hapo nikajua nimepata fundi. Nikamwambia twende apime ukuta. Akaweka beseni chini.

"Humo mimi siingiangi."

"Ni chumba cha mbele tu. Wao wako nyuma."

"Mama Tom, nimesema. Siku nitakayoingia humo nitakuwa nimelala, na nyinyi ndio mtanibeba."

Basi nikampimia mimi, kwa kamba ya katani. Fundo moja toka sakafuni mpaka kwenye sinki, fundo la pili mpaka kisandukuni, fundo la tatu upana wa mabega ya mtu aliyesimama. Nilipeleka kamba Khayega na kurudi nayo sijui mara ngapi. Ainea alitengeneza kitu kizima kwa ajili ya ukuta ambao hakuwahi kuuona.

Cha kwanza kilitushinda, nami nasema wazi. Ainea alisema ubaya ni uzito, basi akatoa zile plastiki, akaweka bunda juu ya ekseli ya baiskeli yenye beringi na grisi, lizunguke hata ukilipulizia. Nilikifunga ukutani jioni, nikajaribu, karatasi ikaja laini kama maziwa. Nikaenda nyumbani nimefurahi. Asubuhi nilipofungua mlango, nilidhani mtu ametandika shuka. Karatasi ilikuwa imetoka yote. Ilishuka ukutani, ikapita sakafuni, ikavuka kizingiti cha chumba cha kuvishia, haikujikunja, haikujisokota, ilinyooka kama mtu ameishika upande wa pili akaenda nayo taratibu. Nikaifuata. Iliingia chini ya mlango wa chumba cha baridi. Nikaishika nikaivuta kidogo, na ninawaambia jinsi ilivyokuwa: ilikaza. Nikaachia. Barasa alipofungua mlango ule baadaye, ncha ilikuwa imelala hapo hapo ndani, hatua moja, imelowa. Alisema ni feni, mlango unavuta hewa. Alisema hivyo akiwa amenipa mgongo.

"Limekuwa jepesi mno," nilimwambia Ainea. "Nataka litoke likitakiwa, na likome." Sikumwambia lile la mlango. Nadhani alilisoma usoni, kwa sababu siku hiyo hakunitania. Alikaa akizungusha gurudumu la baiskeli kinyumenyume, na friwili ikilia tik tik tik tik. Akaizungusha mbele, ikashika. Kinyumenyume, tik tik tik. Akanitazama. Friwili, kwa ninyi mnaojua pikipiki tu, ni kile kigurudumu cha meno kinachokubali kusukuma upande mmoja na kukataa upande wa pili. Akaifunga kwenye mti wa mviringo aliouvika tyubu ya zamani, ili mpira uishike karatasi bila kuibana. Akaweka kipande cha cheni, waya wa breki kushuka chini, na kikanyagio cha mguu. Unakanyaga, mti unazunguka, karatasi inashuka kipimo cha mikono miwili, inakoma. Unaondoa mguu, springi inairudisha cheni, friwili inalia tik tik tik, na karatasi haitoki tena wala hairudi. Hakuna kidole kinachovuta chochote. Hata mwenye mikono inayomwaga maji kama mfereji, mguu wake ni mkavu.

Ikabaki kukata. Yale meno ya plastiki yalikuwa yaking'ata karatasi upana wote kwa pamoja, ndiyo maana ilitoka vipandevipande. Hilo sikumwachia Ainea. Nilimkatia jani la mgomba nyuma ya kibanda, nikalipitisha motoni kidogo kama tunavyofanya tukitaka kufungia ingokho, kuku wa kupika, nikamwonyesha. Jani ukiling'ang'ania katikati linapasuka ovyo. Ukilishika kwa viganja viwili bapa, ukalilaza ukingoni mwa meza, ukaanzia pembeni, linakwenda moja kwa moja mpaka upande wa pili. "Nataka ukingo kama huo," nikasema. "Usiwe na meno. Na usiwe sawasawa, upande mmoja ushuke, mpasuko ujue pa kuanzia." Akapinda bati, akalisugua mpaka likawa halikwaruzi hata ulimi. Alijaribu kwa ulimi kweli, mpumbavu yule. Jioni hiyo tulikata karatasi pale kibandani kwa mikono iliyolowa mpaka bunda likaisha, na haikubaki hata unyoya mmoja. Tulikula mahindi ya kuchemsha juu ya gunia, na Ainea akasema, "Kazi nzuri kama hii, na sitaiona ikifanya kazi." Nikamwambia aje basi, ni hatua chache. Akatikisa kichwa.

Nikakifunga. Kwenye bati nilichora mguu kwa makaa, na juu yake viganja viwili vilivyofunguliwa, kwa sababu kusoma si wote. Watu walikanyaga, karatasi ikashuka, wakaipokea kwa viganja, wakaipeleka pembeni, chwa, nzima. Siku mbili, siku tatu, sakafu safi. Asubuhi nikifungua, ncha iko ndani palepale nilipoiacha. Nikaanza kusema moyoni kwamba kweli ilikuwa feni.

Siku ya nne ilinyesha ile mvua yetu ya alasiri, ya kuanza kwa giza na ngurumo zinazotingisha mabati. Hakukuwa na familia. Barasa alikuwa amekwenda kwa msimamizi. Nilikaa chumba cha kuvishia nikikunja aproni, taa zimekatika, na mle chumba cha kunawia nikasikia tik tik tik tik. Nikafikiri ni springi imelegea. Nikaendelea kukunja. Ikalia tena. Sasa angalieni vizuri, ninyi mliokimbia. Friwili ile hailii mtu akikanyaga. Akikanyaga iko kimya, imeshika. Hulia mtu akiondoa mguu. Nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni. Karatasi mbili zilikuwa zimeshuka, zimeungana, zinaning'inia. Hazikutikisika. Dirishani vile viberiti na majani na vitambaa vilikuwa vimejipanga kama nilivyoviacha, na mwanga wa mvua umevikalia. Na hapo chini kwenye saruji, mbele ya kikanyagio, palikuwa na maji kidogo, dimbwi la mtu aliyesimama mikono mbele akichuruzika, akingoja.

Mnataka kujua kama niliogopa. Niliogopa. Lakini nilikuwa mwenye chumba kile, na mtu aliyenawa hapewi kisogo. Nikaenda, nikaweka viganja vyangu bapa, nikaikata pembeni, ikaja nzima. Nikaikunjua, nikaishika mbele yangu jinsi unavyomshikia mgeni taulo, nikahesabu pumzi zangu. Ikawa nzito kidogo. Ikalowa, pole pole, mahali pengi. Nikasema, "Umekauka sasa. Nenda." Nikaiweka kwenye ndoo. Nikaikata ile ya pili, nikafanya vivyo hivyo. Mvua ilipopungua nikachukua vyote vilivyokuwa dirishani, nikavizika uani chini ya mti wa lusiola, kila kimoja na kirundo chake cha udongo, na nikanawa, sikukung'uta.

Wiki mbili hazijaisha, Mama Jentrix akafiwa na mama mkwe. Hakuwa na pengine pa kumlaza. Alipokuja kumvisha hakunisalimu. Alinawa, akasimama mikono mbele, akakitazama kisanduku, akatazama ule mguu wa makaa, akakanyaga. Akapokea karatasi yake, akajikausha kidole kimoja kimoja. Akavua pete, akakausha chini ya pete. Akaikunjua ile karatasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha akaikagua pembe zote nne kama noti. Haikupungua mahali. Akaiweka kwenye ndoo, kisha akaja mpaka nilipo, akanipa mkono. Hakusema samahani na sikuidai.

"Yule wa kukohoa," nikamuuliza.

"Kimya," akasema. "Ulimfanya nini?"

"Nilimkausha."

Akanishika mkono kwa muda mrefu. Akatoka, akaenda akasema huko nje alichosema, sikuwapo. Ninachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, na Mama Neema anasonga, na mtoto analia mgongoni. Akamfungua kwenye leso, bila kunitazama, akanipakatia. "Mshike, mama, huyu ananichelewesha." Kazi ya kufagia mochari niliendelea nayo miaka minane, lakini malipo yangu ya mwaka ule nilikuwa nimeyapokea pale, na yalikuwa yamejikojolea.

Ainea sikumwambia habari ya siku ya mvua. Kila tukikutana sokoni aliniuliza, "Mama Tom, kinafanya kazi?" nami najibu, "Kinafanya. Njoo uone." Naye anasema, "Nitakuja nikiwa nimelala." Tukawa tunacheka. Miaka yote hiyo, ulikuwa utani wetu mmoja tu.

Basi Alhamisi ile mlimbeba ninyi wenyewe. Wanaume wakamvisha, mke wake na mimi tukamwekea kofia yake. Tukanawa wote. Nilikiona kisanduku changu, bati limefifia, viganja vya makaa mtu amevipitishia rangi. Mlikanyaga mkakata, zote zilitoka nzima, na hakuna hata mmoja wenu aliyejua aliyekifanya ni yule mliyemweka kwenye jeneza. Kisha tukiwa tumegeuka kutoka, chumba kitupu, mkasikia tik tik tik tik. Mkakimbia. Mimi nilirudi. Karatasi moja ilikuwa imeshuka, na chini sakafu ilikuwa kavu kabisa, hakuna aliyelowa, hakuna aliyengoja kupanguswa. Mtu alikuwa amekuja kujaribu kazi yake tu. Nikaikata, nikaiinua juu ili aione pembe zote nne. Nikasema, "Ainea, kinafanya kazi." Nikatoka.

Hilo ndilo jibu. Jioni ya mazishi niliwaita wote sebuleni, Tom na mkewe na Neema na hao wadogo, nikafunga mlango, nikatoa amri ambayo sasa naiandika ili asiwepo wa kusema hakuisikia: siku yangu ikifika, mkishanivisha mkanawa, mmoja wenu akanyage mara moja zaidi ya idadi yenu, aikate nzima, aishike mbele yake kwa mikono miwili mpaka iwe nzito, na asiwepo mtu wa kukimbia.